Chumba Kilichokaa Chini Mno

Kazi ya mafuriko na kazi ya mbwa wazururaji zilimfikia Ardith Brandhorst kwa barua moja. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya ile gharika kubwa ya mwaka wa tisini na tatu, mto Missouri ulipovunja kingo zake ukaingia katika mji wa Haverlin na kukaa wiki saba kama mgeni asiye na haya. Baraza la mji lilitafuta mtu wa kusimamia sheria za ujenzi kwenye ardhi ya mafuriko. Karani aliyetangulia hakuwahi kumnyima mtu kibali hata siku moja, na kwa sababu hiyo mji mzima uliadhibiwa: kila mwenye bima ya mafuriko aliongezewa dola hamsini kwa mwaka mpaka mambo yanyooke. Kikaoni wajumbe wote walitazama viatu vyao. Ardith, karani mpya wa miaka thelathini na tatu, alichelewa kutazama vyake, akapewa.

Mbwa hawakumsumbua sana. Watu ndio waliomtoa jasho.

Sheria yenyewe si ndefu. Mahali palipopakwa buluu kwenye ramani ya mafuriko, sakafu ya chumba cha kukaa au kufanyia kazi lazima iwe juu ya kimo cha maji makubwa, na Haverlin iliongeza futi moja zaidi kwa usalama. Banda la mashine ya kukatia majani linaruhusiwa kukaa chini, mradi lina matundu ya kupitishia maji. Nyumba ikiharibika kufikia nusu ya thamani yake, hairudishwi ilivyokuwa, inapandishwa. Mji ukizishika sheria hizo, watu wake wanauziwa bima. Ukizichezea, bima inaondolewa, na pasipo bima hakuna benki inayomkopesha mtu pesa ya kununua nyumba pale. Ardith aliyasema hayo kwa upole mara elfu, mezani kwake, dukani, hata msibani. Watu walimsikiliza, wakatikisa kichwa, kisha wakauliza kama kwao haiwezekani kufumba jicho kidogo.

Aliyemchachamalia kuliko wote ni Wendell Strack, mkulima wa soya na mjumbe wa baraza. Nyumba yake ilipandishwa juu ya nguzo baada ya gharika. Miaka mingi baadaye alianza kuziba kule chini bila kibali apate chumba cha kutazamia mpira, chenye jiko dogo na sofa. Sofa alishainunua. Ardith alimwandikia barua ya kumpa siku thelathini za kukiondoa, Wendell akasimama kikaoni akasema mbele ya watu wote, "Angekuwa Norbert wako ungeandika?"

Ardith alijibu, "Ningeandika." Watu wakacheka, na sofa ikaenda kukaa ghalani.

Norbert ndiye mumewe. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, fundi wa reli aliyestaafu, ambaye hakuweza kuona ubao ukilala bure. Kwa miaka yote ya ndoa yao hakuuliza sana habari za kazi ya mkewe. Aliona anaondoka asubuhi na thermosi ya kahawa, anarudi jioni amechoka, basi anamsogezea kiti. Alichokijua vizuri ni kwamba mkewe anapenda kushona mifarishi, yale mablanketi mazito yanayounganishwa kwa vipande vidogo vidogo vya vitambaa, na kwamba hana pa kushonea. Cherehani ilikaa kwenye meza ya chakula, na kila wakati wa kula ilihamishwa pamoja na vipande vyake vyote, na kila mara kipande kimoja kilipotea.

Septemba moja, Ardith alipokuwa na miaka hamsini na saba, alikwenda makao makuu ya jimbo kwa mafunzo ya siku nne ya wasimamizi wa ardhi ya mafuriko, na mtihani mwishoni. Norbert alimhimiza mpaka akashangaa. Alimbebea mkoba. Alimpungia mkono barabarani mpaka gari lilipokata kona.

Alirudi Ijumaa alasiri na cheti ndani ya bahasha. Alifaulu, tena vizuri. Norbert na mdogo wake Elroy walikuwa wamesimama uani wamejaa vumbi la mbao, wanacheka kama watoto walioiba biskuti.

"Funga macho, mama," Norbert akamwambia.

"Norbert, nimeendesha gari kwa saa mbili. Nikifunga macho nalala."

"Funga tu, shemeji," Elroy akasema. "Usipofunga huyu atapasuka."

Alifunga. Norbert alimshika kiwiko akamzungusha nyuma ya nyumba, akamwambia fungua. Mbele yake kilisimama chumba kipya cha mbao, kimepakwa rangi nyeupe, kina madirisha pande tatu. Ndani cherehani yake ilikuwa chini ya dirisha la mashariki. Ukuta mzima ulikuwa na rafu za vitambaa, na katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia, iliyofika kiunoni pake kabisa kabisa.

"Kimo umekijuaje?" aliuliza.

"Nilikupima ukiosha vyombo," Norbert akasema. "Mara mbili. Mara ya kwanza ulijigeuza."

Ardith alilia, jambo asilolifanya mara kwa mara. Alishika meza, akashika kingo za dirisha, akamshika mumewe shingo. Kisha, kwa mazoea tu, macho yake yakashuka sakafuni. Sakafu ilikaa juu ya matofali, inchi nane kutoka ardhini. Akatazama nje, kwenye nguzo ya umeme ya jirani, ambako mwenyewe aliwahi kupigilia kibao kidogo cha shaba kuonyesha maji ya tisini na tatu yalifika wapi. Kibao kilikuwa juu ya kichwa cha Elroy.

Aliona nyuso za wanaume wale wawili, akaingia jikoni akawapikia soseji na kabichi chachu na viazi, wakala wakasifu misumari. Jumamosi nzima alishona. Mshono ulikwenda sawa lakini moyo haukutulia.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikuwa wakinywa kahawa ukumbini mwa kanisa la Kilutheri. Wendell Strack akamjia na kipande cha keki mkononi.

"Nimepita nyuma ya kwenu jana," akasema. "Chumba kizuri kweli. Norbert ana mkono. Nambari ya kibali ni ngapi?"

"Hakina kibali, Wendell."

"Ahaa," Wendell akasema, akakata keki yake kwa uma, taratibu. "Basi mimi nipo, nangoja kuona."

Ndani ya pikapu, wakirudi nyumbani, Ardith akapiga moyo konde.

"Norbert, chumba kimekaa chini mno."

Norbert alicheka kwanza, akidhani ni utani. Halafu akapunguza mwendo. "Chini kivipi?"

"Chini ya maji. Sakafu inatakiwa ipite kile kibao cha shaba, na futi moja juu yake. Na kimejengwa bila kibali."

"Wewe ndiye mwenye vibali! Jiandikie kimoja."

"Cha chumba cha kazi kilichokaa juu ya matofali? Hicho sijampa mtu yeyote. Sofa ya Wendell inaozea ghalani kwa sababu hiyo."

"Kiko nyuma ya nyumba, Ardith. Nyuma ya mti wa tufaha. Nani atakiona?"

"Mimi nimekiona."

Norbert aliendesha mpaka nyumbani, akazima injini, akabaki ameshika usukani. "Kwa hiyo unataka nikivunje."

"Sijasema hivyo. Nimesema kimekaa chini."

Jumatatu Ardith alifungua ofisi, akatoa barua ile ile aliyomwandikia Wendell, akabadilisha jina, tarehe na maelezo ya jengo. Kwa Bwana Norbert Brandhorst. Imebainika kwamba umejenga bila kibali katika eneo la mafuriko. Una siku thelathini za kurekebisha au kuondoa jengo hilo. Angeweza kuitia mkobani akampa wakati wa chakula, lakini utaratibu ulisema barua itumwe kwa rejista, naye akavuka barabara kwenda posta. Nyuma ya dirisha alikuwa Glenda, aliyewajua wote tangu utotoni.

Glenda alisoma bahasha, akavua miwani, akaivaa tena. "Ardith, hii anwani si ya kwako?"

"Ni ya kwangu."

"Na anayetuma ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mmegombana?"

"Bado," Ardith akasema.

Norbert alitia saini kuipokea Jumanne. Glenda alisimulia baadaye kwamba aliisoma pale pale kaunta, kidole kikifuata mistari, kisha akaikunja vizuri mara nne kama leso. Jioni mezani akasema, "Bi Msimamizi, naomba chumvi."

Ardith akamsogezea chumvi.

"Asante, Bi Msimamizi."

Ikawa hivyo siku mbili. Bi Msimamizi, taulo liko wapi. Bi Msimamizi, paka anataka kutoka. Ardith alijikaza, lakini akiwa peke yake aliumia, maana aliijua vizuri mizani ile: upande mmoja mji wenye nyumba sitini na moja zilizokatiwa bima, upande wa pili mwanamume aliyempima kiuno akiosha vyombo.

Alhamisi saa nne asubuhi mlango wa ofisi ukafunguka. Norbert aliingia amevaa shati safi, kofia mkononi, akaketi kwenye benchi la wananchi nyuma ya mtu aliyekuja kulalamikia mbwa. Zamu yake ilipofika alisogea mezani, akaweka barua.

"Nimekuja kuhusu hii," akasema.

Ardith alimtazama, akaona hatanii. Basi akamhudumia kama angemhudumia mtu yeyote. Alitandaza ramani mezani, akamwonyesha nyumba yao, ua wao, mti wa tufaha. Akamwonyesha mkondo wenyewe wa maji, ambako hakuna kujenga kabisa, na kwamba chumba, kwa bahati, kiko nje yake. Norbert aliinama akatazama, akauliza maswali. Kwa nini matundu kwenye kuta za banda? Kwa sababu maji yakiwa nje tu yanasukuma ukuta mpaka unaanguka, lakini yakiingia ndani yanajisawazisha. Kwa nini ukikata bima leo inaanza baada ya siku thelathini? Kwa sababu watu walikuwa wanaikata mto ukiwa umeshafika mlangoni.

"Na chumba kimoja kama changu kinaudhuru mji?"

"Kimoja, hapana. Kimoja ninachokijua nikanyamaza, ndiyo. Wa pili nitamkataliaje?"

Wakati huo mtu mmoja akachungulia mlangoni akafoka kwamba ngazi ya kibaraza cha nyumba yake imekataliwa na kwamba ofisi hii ni ya wendawazimu, akaondoka bila kungoja jibu. Norbert alimwangalia akienda zake.

"Wanakufokea hivi kila siku?"

"Si kila siku. Jumanne tunafunga."

Norbert aliikunja barua upya akaitia mfukoni. Mwishowe akasema, sauti yake ya kawaida, "Ardith, miaka yote hii mimi nilidhani unapiga mihuri."

Akatoka na fomu tatu. Ardith naye akapiga simu wilayani, akaomba kibali hicho kikaguliwe na kutiwa saini na ofisa wa huko, si yeye.

Wiki iliyofuata mpima ardhi, mwanamke kijana mwenye buti za matope, alikuja na vifaa vyake vya miguu mitatu, akafunga utepe mwekundu kwenye shina la mti wa tufaha. Sakafu ilitakiwa ifike hapo. Norbert alisimama chini ya utepe, akanyoosha mkono, akaugusa kwa vidole.

"Hapa?" akasema. "Hapa wanalala kunguru!"

"Shemeji atashona na kutaga," Elroy akasema, akakimbia kabla hajarushiwa nyundo.

Chumba kilikuwa imara, kingeweza kuinuliwa kizima. Tatizo lilikuwa jeki. Jeki kubwa za kuinulia nyumba alikuwa nazo mtu mmoja tu mjini, alizozinunua nyumba yake ilipopandishwa. Norbert alizunguka pikapu yake mara mbili, akaenda kwa Wendell Strack.

Wendell alikuja uani siku hiyo hiyo, mikono mifukoni. Alikizunguka chumba, akagonga ukuta, akapiga mluzi. Kisha akasema, "Naiomba hiyo barua niione."

Norbert akamletea. Wendell akatoa ya kwake mfukoni mwa shati, imegeuka manjano, ina alama za sumaku ya friji pembe zote nne. Alizishika bega kwa bega, akasoma mdomo ukicheza. Ardith alikuwa mlangoni mwa jikoni, ameshika kitambaa cha vyombo.

"Neno kwa neno," Wendell akasema.

"Neno kwa neno," Ardith akaitikia.

"Hata hili la 'siku thelathini'. Nilidhani atakupa sitini." Alizikunja zote mbili, akamrudishia Norbert moja. Alikohoa. "Mimi nilisema ovyo kuhusu wewe, Ardith. Si mara moja."

"Mara tisa," Ardith akasema. "Ziko kwenye kumbukumbu za vikao."

Wendell aliangua kicheko mpaka akashika ubavu, akaenda kuleta jeki.

Iliwachukua siku tano. Walichimbia nguzo nene nane, wakazimwagia zege. Wakaingiza boriti mbili chini ya sakafu, wakapanga magogo ya mraba pande zote kama kuni, wakapandisha inchi sita, wakapanga tena, wakapandisha tena. Wendell aliweka glasi ya maji juu ya meza ya kukatia, akapanda kila mara kuitazama, na kwa siku zote tano hakuna tone lililomwagika. Mchana Ardith aliwaletea mkate wa nyama na pai, akawakuta wazee watatu wamelala kifudifudi kwenye majani wakibishana kuhusu nyuzi moja ya mteremko kana kwamba ni mustakabali wa taifa. Hakukumbuka lini alimwona Norbert na furaha kama ile. Ngazi ilitoka na vidato kumi na vitatu na kishikio pande zote mbili. Ofisa wa wilaya alikuja, akapima, akatikisa nguzo, akatia saini. Bima ya chumba ikakatwa, na kwa kuwa kilikaa juu ya alama, ilitoka nafuu kuliko Norbert alivyoogopa.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, mwezi wa Mei, theluji za kaskazini ziliyeyuka, mvua nazo hazikukata, mto ukapanda. Haikuwa gharika ya kusimuliwa. Maji yaliingia Haverlin taratibu, yakasimama futi tatu uani kwa siku tisa, barabara ikafungwa. Nyumba yao ilishapandishwa zamani, hawakuhama. Norbert alipandisha viti vya uani na mashine ya majani kabla ya wakati, akafunga mashua yake bapa ya bati kwenye ngazi ya jikoni. Kila saa sita mchana alimpigia mkewe kasia yadi thelathini kutoka mlango wa jikoni mpaka vidato vya chumba cha kushonea, na thermosi miguuni.

"Nauli," alikuwa akisema wakifika.

"Andika jina langu," Ardith alimjibu, akapanda.

Alikuwa na kazi: mfarishi mkubwa wa buluu na kahawia kwa mnada wa kanisa. Alishona akitazama maji yakipita chini ya miguu yake, yamebeba matawi, ndoo, na siku moja kuku mmoja aliyesimama juu ya ubao akiwa na hasira. Wanawake wa kanisani wenye nyumba zilizobaki kavu kule juu waliletwa na Norbert kwa zamu, na kwa siku mbili wakawa sita mle ndani, wanashona, wanakula keki ya kahawa, wanawasema waume zao mmoja baada ya mwingine, huku mmoja wa waume hao akiwa nje ndani ya mashua anasikia kila kitu. Maji yalipokauka, Norbert na Elroy walisafisha matope kwenye nguzo kwa mpira wa maji. Kazi hiyo haikufika adhuhuri.

Mwezi wa Agosti alikuja mtu wa jimbo, yule anayekagua miji kila baada ya miaka kadhaa. Alikuwa kijana mwenye tai, mara ya kwanza kufika Haverlin. Alipitia vibali, akapitia vyeti vya vimo vya sakafu, akatoa sifa mbili tatu za kiofisi. Kisha akaomba faili la waliokiuka. Lilikuwa jembamba. Alisoma barua ya juu, akatazama kibao cha jina mezani, akasoma tena.

"Brandhorst," akasema. "Ni ndugu?"

"Ni mume wangu."

Kijana alifunga faili taratibu. "Samahani kuuliza, mama. Bado mko pamoja?"

"Yuko juu ya vidato kumi na vitatu, amelala," Ardith akasema, akichukua funguo na kofia ya jua. "Tangu kiangazi kianze kila mchana analala kwenye chumba changu. Anasema kuna upepo. Twende ukakikague, lakini tupande polepole, maana akiamshwa ghafla anaamka na maswali, na siku hizi maswali yake yote ni ya matundu ya kupitishia maji."